Istilahi za Makundi na Ruhusa katika Linux

Linux, ambayo kiini chake kiliandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uwezao kuwahudumia watumiaji wengi katika mashine moja. Kwa hiyo hauna budi kujua nani ni nani, na kila mmoja anaruhusiwa kufanya nini. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo jambo hilo, kwani kosa la mfasiri hapa huweza kuiletea ofisi hasara.

Kila faili ina "mmiliki" mmoja na "kundi" moja. Waliobaki huitwa "wengine". Ruhusa ni tatu: kusoma, kuandika na kutekeleza. Thamani zake ni 4, 2 na 1, nazo hujumlishwa. Hivyo 640 maana yake ni kwamba mmiliki husoma na kuandika, kundi husoma tu, na wengine hawana ruhusa yoyote. Faili ya mishahara yafaa iwekwe hivyo. Isiwekwe 777, yaani kila mtu afanye atakalo.

Tumechagua "ruhusa" kuliko "idhini" kwa sababu idhini ni kibali kitolewacho na mkubwa kwa tendo maalumu, hali ruhusa hapa ni sifa ya kudumu ya faili.

Neno "kutekeleza" lahitaji uangalifu. Programu hutekelezwa, lakini saraka, yaani mahali pa kuwekea faili, haitekelezwi. Kwa saraka, ruhusa hiyo humwezesha mtu kupita ili azifikie faili zilizomo. Hapo twapendekeza "kupita".

Hatari kubwa zaidi imo katika amri ya usermod. Ikiandikwa -aG, mtumiaji huongezwa katika kundi jipya na hubaki katika makundi yake ya awali. Ikiandikwa -G peke yake, huondolewa katika makundi yote ya ziada yasiyotajwa. Mfasiri aandikaye "ongeza" katika hali zote mbili humpotosha msomaji. Msimamizi aweza kujivua mwenyewe mamlaka ya usimamizi. Twapendekeza "ongeza" kwa ya kwanza na "badilisha" kwa ya pili. Aidha, ielezwe kwamba badiliko hilo huanza kutumika mtumiaji aingiapo upya.

Kanuni ya jumla ni kumpa kila mtumiaji ruhusa zitoshazo kazi yake, wala si zaidi. Tutashukuru kupata maoni ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kabla istilahi hizi hazijasanifishwa.