Sikio Likiuma, Mzamiaji Apande

Abiria ateremkaye kwa gari kutoka Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, akirejea nyumbani Mutakura, huhisi masikio yakiziba njiani. Humeza mate, masikio yakazibuka, akasikia vema. Askari wa Burundi waliopelekwa Somalia kuanzia mwaka 2007 nao walilijua jambo hilo ndege iliposhuka. Lakini kwa kijana ajifunzaye kuzamia katika Ziwa Tanganyika, jambo hilo hilo si usumbufu mdogo tena. Ni usalama wa maisha yake.

Nyuma ya kiwambo cha sikio mna chumba kidogo cha hewa. Mrija mwembamba hukiunganisha na koo, nyuma ya pua. Mrija huo hukaa umefungwa, ukafunguka mtu amezapo mate au apigapo miayo. Mzamiaji ashukapo, maji hukandamiza kiwambo kwa nje. Hewa isipoingia kwa mrija ili kulingana na maji hayo, kiwambo husukumwa ndani na kuuma, pengine hata kabla ya mita 2.

Taabu kubwa basi i karibu na uso wa maji, wala si kilindini. Uso wa Ziwa Tanganyika u mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo mkandamizo huwa maradufu mzamiaji afikapo mita 9 na ushei tu.

Dawa yake ni ya kale. Tabibu Mwitalia, Antonio Maria Valsalva, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704: kubana pua, kufumba kinywa, na kupuliza polepole. Wengine hubana pua na kumeza mate. Mwanagenzi yafaa aanze angali juu ya maji, kisha arudie kila nusu mita, akishuka kwa kutanguliza miguu na kushika kamba. Asingoje maumivu. Miwani ya kuogelea isiyofunika pua haifai kuzamia, wala pamba isitiwe sikioni.

Sikio likiuma, apande mita moja hivi, ajaribu tena. Likikataa, safari ya siku hiyo imekwisha. Kupuliza kwa nguvu huweza kudhuru sikio la ndani na kuleta uziwi wa kudumu. Kiwambo kikipasuka, maji baridi huingia, kichwa huzunguka, na mzamiaji asijue juu ni wapi wala chini ni wapi.

Mwenye mafua na abaki ufukoni, kwani mrija wake umevimba. Na wazazi waonapo damu au usaha sikioni, au kijana asiposikia vema baada ya kuzamia, wampeleke kwa mganga hospitalini bila kukawia. Maumivu ya sikio ni amri ya kurudi juu, haina mjadala.