Boom la mwanafunzi ni mavuno, lisiliwe hadi mbegu

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MKULIMA wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, anajua jambo moja ambalo halifundishwi darasani: maharage ya mbegu hutengwa siku ya kupura, kabla sufuria haijabandikwa jikoni. Anayesubiri kuona kitakachobaki, mvua humkuta hana cha kupanda.

Lakini mtoto wa mkulima huyo huyo akishuka mlimani kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) au Chuo Kikuu Mzumbe, mara nyingi somo hilo hulisahau wiki ya kwanza tu. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambazo wanafunzi huziita 'boom', huingia kwa mkupuo kama mavuno. Wiki hiyo ni chipsi kuku, nguo mpya na bodaboda hata kwa safari ya kutembea. Wiki chache baadaye simu inalia nyumbani kuomba hela ya kula.

Hapo ndipo akiba ya mwanafunzi inapogeuka kuwa suala la shamba. Baba aliyetaka kusubiri bei ya maharage ipande analazimika kumuuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa. Mama mwenye genge anachomoa fedha za mtaji, na wiki inayofuata genge halina bidhaa.

Hesabu ya siku 60

Tangu mwaka wa masomo 2022/23, kiwango kamili cha fedha za chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Kwa hiyo mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja, fedha hizo huonekana nyingi mno.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepanga chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi miwili ni 80,000. Akitenga asilimia 10 kama mbegu, yaani 60,000, anabakiwa na 460,000. Akigawa kwa siku 60, anapata shilingi 7,600 na ushei kwa siku, na ndani yake zimo chakula, nauli, sabuni na fotokopi.

Akitumia 15,000 kwa siku, fedha hizo zitamwishia siku ya 31, na siku 29 zilizobaki ataishi kwa madeni na simu za nyumbani. Tatizo hapa si uchache wa fedha peke yake, bali ni kutozigawa kwa siku.

Kinyume chake, anayetenga 60,000 katika kila mkupuo, kwa mikupuo minne ya mwaka, atakuwa na 240,000. Kwa shahada ya miaka mitatu ni 720,000. Fedha hizo zinatosha kuanzia banda dogo la kuku au bustani ya mboga wakati wenzake wanazunguka na bahasha za kuomba kazi.

Siri ni kutenga siku ile ile fedha zinapoingia. Akiba iwekwe mbali na simu ya mkononi, kwa kuwa fedha iliyo kwenye simu haina tofauti na iliyo mfukoni.

Mzazi, tuma gunia

Familia nyingi za wakulima hupoteza fedha mara mbili bila kujua. Mzazi anauza maharage msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, ili atume hela chuoni. Mtoto naye anakwenda dukani Mzumbe au Mazimbu kununua maharage kwa kilo, kwa bei ya juu. Tofauti inabaki kwa wafanyabiashara wa kati.

Kwa mwanafunzi aliyepanga mtaani na anayeruhusiwa kupika, debe la maharage kutoka Mgeta au ndizi za Kinole na Matombo zinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko fedha ambazo mzazi angepata kwa kuziuza. Aidha, wanafunzi watatu au wanne wakichanga na kununua gunia la mchele wakati wa mavuno, kila mmoja hupata nafuu.

Sanduku la kufuli tatu

Njia nyingine tayari ipo vijijini. Miaka ya 1990, mradi wa UMADEP uliokuwa chini ya SUA ulihimiza wakulima wa Uluguru kuanzisha vikundi vya kuweka na kukopa. Leo vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA vikiwamo, vipo karibu kila kona ya nchi. Mfano wa vikundi vya namna hiyo ulianzia Niger mwaka 1991, kupitia shirika la CARE.

Wanachama hununua hisa kila wiki, fedha hutunzwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko kila mmoja hugawiwa kulingana na hisa zake. Wanafunzi wanaoaminiana wanaweza kufuata mtindo huo, mzunguko ukaanza chuo kinapofunguliwa na kuisha kabla ya likizo ndefu. Hata hivyo, wakumbuke kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi vya kijamii visajiliwe kupitia halmashauri.

Asiye na akiba huangukia mikopo ya 'kausha damu', hasa ile ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni.

Si zawadi

Jambo la mwisho ambalo mzazi na mtoto wanapaswa kulikumbuka ni kwamba boom ni mkopo. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8 ya zamani. Mwenye mshahara wa 800,000 atakatwa 120,000 kila mwezi hadi deni liishe.

Maana yake ni kwamba chipsi za wiki ya kwanza zitalipwa miaka kadhaa baadaye, kutoka kwenye mshahara. Kabla kijana hajapanda gari kuelekea chuoni, mzazi akae naye chini na kalamu, wagawe fedha hizo kwa siku. Na mbegu itengwe kwanza, kama wafanyavyo nyumbani.