SISI ABIRIA WA ZIWANI: YAPASAYO KUJUA KABLA YA KUPANDA CHOMBO



Kila mwaka ukikaribia kwisha, matawi ya viwandani hutuletea swali lile lile: kampuni inataka kutupeleka matembezi ziwani, twende au tusiende? Ndugu zetu wa mashamba ya michikichi katika visiwa vya Ssese hawana nafasi ya kuuliza hivyo. Kwao ziwa ndiyo barabara. Aliyefiwa bara atavuka, mwenye mtoto shuleni Masaka atavuka, na anayekwenda likizo atavuka na magunia yake.

Sisi tunaotembelea matawi tumevuka Ziwa Viktoria kwa meli, kwa vivuko vya magari na kwa mitumbwi ya injini, wakati wa jua na wakati wa mvua. Yanayofuata hapa ni yale ambayo abiria wa siku nyingi huyajua na abiria mpya hana mtu wa kumwambia.

Tuanze na kuchagua chombo. Kwa miaka mingi meli ya MV Kalangala imekuwa ikivusha watu kati ya Nakiwogo, karibu na Entebbe, na Lutoboka katika kisiwa cha Bugala. Safari ni ya saa tatu na nusu hivi ziwa likiwa tulivu. Upande wa Masaka kuna vivuko vya magari kati ya Bukakata na Luku, na huko watu huvuka kwa muda mfupi bila kulipa nauli. Tena kuna mitumbwi ya mbao, inayotoka katika mialo kama Kasenyi na kufika kila kisiwa ambako meli haifiki. Meli inapokuwa katika matengenezo, watu wote huangukia mitumbwi hiyo, na siku hizo ndizo za kuogopa, kwa kuwa mzigo wa meli nzima unatafuta nafasi katika vyombo vidogo. Kama safari yako inaweza kungoja, ingoje meli. Kama haiwezi kungoja, ondoka mchana.

Tunasema mchana kwa sababu. Watu wa mwaloni wanajua, na wataalamu wa hali ya hewa wamethibitisha, kwamba katika ziwa hili ngurumo na dhoruba nyingi huzaliwa usiku hadi alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka pande zote za nchi kavu na kukutana katikati ya ziwa. Pale hewa yenye unyevu hupanda juu na mawingu mazito hutokea. Mwenye mtumbwi anayetaka kuondoka jua linapozama ili asionekane na wakaguzi anakuingiza katika saa zile zile mbaya. Na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo wa kusini huinua mawimbi ambayo hata wavuvi huyaheshimu. Ukiwaona wavuvi wamevuta mitumbwi yao juu ya mchanga na kukaa wanashona nyavu, nawe kaa.

Kuhusu tumbo kuchafuka, hakuna aibu, hata mabaharia hupatwa. Kula kidogo kabla ya safari, kitu kikavu kama mkate au muhogo, wala usipande na njaa ukidhani ndiyo dawa. Kaa katikati ya chombo, kwa sababu mbele na nyuma ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Usikae karibu na moshi wa injini. Tazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, usitazame simu. Tangawizi ya kutafuna huwasaidia wengi. Na ukiona mbele yako kitu kama moshi mweusi umesimama juu ya maji, si moto, ni wadudu wa ziwani kwa mamilioni. Funga mdomo na ufunike chai yako.

Mizigo nayo ina elimu yake. Andika jina lako kwa rangi juu ya gunia, maana magunia ya mukene yote ni ndugu. Lipia mzigo ofisini upewe stakabadhi. Patana na mchukuzi bei kabla hajauinua mzigo, si baada ya kuutua, na mkishapatana mlipe yote. Yule ni mfanyakazi mwenzetu asiye na mkataba, asiye na likizo, asiye na chama. Tumewaona wanachama wetu, watu wanaodai nyongeza ya mshahara kwa sauti kubwa, wakimpunja mchukuzi pale gatini. Haifai.

Haya ndiyo mambo ya starehe na usumbufu. Sasa tuje kwenye jambo la uhai, ambalo ndilo limetufanya tuandike.

Chombo kimejengwa kubeba mzigo uliotulia. Gunia ukiliweka mahali halihami. Lakini mtu ni mzigo unaotembea. Watu mia wakihamia upande mmoja kwa pamoja, ni sawa na lori la magunia kuruka kutoka upande huu hadi upande ule. Na kama wengi wao wako sakafu ya juu, uzito uko juu, na chombo kikiinama hakina nguvu ya kurudi.

Angalieni yaliyotokea kwa majirani zetu. Huko Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka asubuhi kikiwa na abiria wengi kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wanakwenda kazini, watu kama sisi, wanaotazama saa kwa kuogopa kuchelewa. Huko Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228, na waliookolewa ni 41. Fanyeni hesabu wenyewe mjue walikuwa wangapi ndani. Ilikuwa siku ya soko, na kilipinduka karibu kabisa na gati, watu wa nchi kavu wakitazama.

Abiria mgeni huogopa katikati ya ziwa na hutulia anapoona nchi kavu. Abiria mzoefu huongeza uangalifu pale gati linapoonekana, kwa maana hapo kila mtu husimama, huchukua mzigo wake na kusukumana ili awe wa kwanza kushuka. Sisi tumejiwekea desturi ya kubaki tumeketi mpaka kamba ifungwe. Basi la nje halitaondoka tupu, nanyi mtaona kwamba anayeshuka wa mwisho hupata mchukuzi kwa bei nafuu.

Na hapa kwetu Uganda msiba ulikuja kwa njia ya matembezi yenyewe. Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, ikiwa na vijana waliokwenda kufurahi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Serikali ilieleza kwamba boti ilijazwa kupita uwezo wake, kwamba ilikuwa mbovu, na kwamba haikuwa na leseni. Hakuna aliyepanda siku ile aliyekuwa akikimbilia kazi au msiba. Walikuwa na muda wote wa kuuliza maswali. Muziki ulikuwa mkubwa, na ni vigumu kuuliza swali penye muziki.

Wala tusidhani haya ni ya vyombo vya maskini. Tarehe 13 Januari 2012 meli kubwa ya matajiri, Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,000, iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio huko Italia, na watu 32 wakafa. Wengi waliopanda siku ile ile walikuwa hawajafundishwa mahali pa kukutania wakati wa hatari, kwa sababu mafunzo yalipangwa kesho yake. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka abiria wa meli za namna hiyo wafundishwe kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Basi na wewe ukipanda jifundishe mwenyewe: mlango uko wapi, wa pili uko wapi, majaketi ya kuokoa maisha yako wapi, na ni hatua ngapi kutoka kiti chako. Hesabu hatua hizo, maana taa zikizima utazihesabu kwa miguu.

Jaketi livae kabla ya kuondoka, hasa katika mtumbwi na boti ndogo. Anayesema atalivaa hatari ikija hajawahi kujaribu kufunga vishikizo majini huku mtu mwingine akimshika shingo. Liangalie: kama kamba zimekatika, au sponji imelowa na kuwa nzito, omba lingine. Katika meli yenye chumba kilichofungwa kaa karibu na mlango, kwa kuwa mtu aliyevaa jaketi ndani ya chumba kilichojaa maji huelea mpaka darini na kushindwa kuzama apite mlangoni. Ndugu wa mashambani, msisafiri na gambuti miguuni. Zikijaa maji ni mawe mawili. Na kina mama wenye gomesi, tunajua msibani ni lazima, lakini ibebeni katika mfuko mkaivae mkifika, maana nguo ile ikilowa humfunga miguu hata anayejua kuogelea. Chombo kikipinduka na bado kinaelea, kishikilie. Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo.

Hakikisha jina lako limeandikwa. Katika msiba wa MV Bukoba, meli ya Tanzania iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, haikujulikana kwa hakika walikuwa wangapi ndani, kwa sababu si wote waliokuwa katika orodha. Kwa mfanyakazi jambo hili lina uzito wa pili. Ikiwa ulikuwa umetumwa na mwajiri, familia yako italazimika kuthibitisha kwamba ulikuwa ndani ya chombo kile ndipo idai fidia. Jina katika orodha ni ushahidi. Mahali pasipo orodha, mpigie simu katibu wa tawi umtajie chombo, saa na mwalo unaotoka.

Katika vivuko vya magari, shuka kwenye basi au gari hata kama ni safari fupi. Huko Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma na kutumbukia kutoka kivukoni, na mama na mtoto wake wakafa wakiwa ndani yake.

Tumalizie na lile swali la viwanda. Tawi letu moja la bara liliambiwa kwamba wafanyakazi 140 watapelekwa matembezi kwa boti. Viongozi wa tawi hawakugombana wala hawakupiga kelele. Walikwenda siku moja kabla wakaiona boti. Walihesabu majaketi, yakawa 60. Waliuliza leseni inaruhusu watu wangapi, wakajibiwa kwamba mwenye boti amesafiri. Walirudi kiwandani wakamwambia meneja: ama safari tatu, kila safari kwa idadi ya majaketi, ama hakuna anayepanda. Meneja alinuna, akasema fedha zimekwisha lipwa, akasema wengine wanapanda kila wiki na hawafi. Asubuhi yake watu wote 140 walikuja wamevaa vizuri, wakasimama ufukweni, na hakuna hata mmoja aliyeweka mguu ndani. Mtu mmoja akikataa huitwa mwoga na kuachwa nyuma. 140 wakikataa, sherehe huhamia walipo. Wali na nyama vililiwa pale pale mchangani na mpira ukachezwa mpaka jioni. Idara ya upakiaji iliwafunga idara ya ufundi mabao manne.

Tangu hapo tunayataka matawi yote yaandike jambo hili katika mapatano na mwajiri: kila anayesafirishwa majini kwa kazi au kwa matembezi ya kampuni awe na jaketi lake, idadi isizidi leseni, orodha ya majina ibaki nchi kavu mikononi mwa mtu wa tawi, na mfanyakazi atakayekataa kupanda chombo kilichojaa asikatwe mshahara wala kuandikiwa barua ya onyo. Waajiri wengine wamekubali bila shida, kwa kuwa gharama yake ni ndogo. Wengine wanasema tungoje mazungumzo ya mwaka ujao.

Wenye kusafiri na watoto wakati shule zinapofungwa, ulizeni majaketi madogo siku moja kabla. Vyombo vingi vina machache tu, na jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani mara anapoingia majini.