Sikio Halioti Sugu

Muulize anayeshinda karibu na spika kama muziki haumuumizi, jibu huwa lile lile: ameshazoea. Makanga wa matatu jijini Nairobi atakwambia hivyo, na DJ wa singeli Dar es Salaam naye hivyo hivyo. Laiti ingekuwa kweli. Sikio haliwi gumu kwa kupigwa na kelele jinsi kiganja kinavyoota sugu kwa jembe. Mara nyingi, kelele inapoacha kukera ni kwa sababu sehemu ya usikivu imeshapotea.

Ndani kabisa ya sikio mna koklea, mfereji mdogo uliojisokota, wenye majimaji. Humo zimepangwa seli zenye vinywele, takriban 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikigonga ngoma ya sikio, vifupa vitatu hupeleka mtikisiko kwenye majimaji hayo, vinywele huyumba, nazo seli huigeuza miyumbo kuwa ishara za neva. Muziki mkubwa huvivunja vinywele, na seli zinazolazimishwa kufanya kazi kupita kiasi hujaa kemikali zinazoziua. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Kuku katupita hapo: mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba seli zake zilizouawa na kelele huota upya, na hadi leo wanasayansi wanatafuta njia ya kuliamsha jambo hilo ndani yetu.

Hasara huanzia kwenye sauti nyembamba, zenye mitetemo kama 4,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mwenyewe hagundui. Besi anaisikia, akiitwa anageuka. Zinazomponyoka ni konsonanti: suka, shuka na fuka zinaanza kufanana, hasa penye watu wengi. Huwalaumu wengine kwamba wananong'ona.

La kutisha zaidi lilijulikana mwaka 2009. Huko Boston, watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Ndani ya wiki mbili usikivu ulirudi, na kwa kipimo cha kawaida panya wale walikuwa wazima. Lakini walipotazama kwa hadubini, karibu nusu ya viungio kati ya seli na neva, katika eneo la sauti nyembamba, vilikuwa vimetoweka. Jaribio hilo linanifanya niuogope ule mlio wa “nziii” anaoamka nao mtu baada ya mkesha wa muziki. Ukinyamaza kesho yake, tunadhani sikio limepona.

Desibeli nazo hazihesabiki kama kilo za sukari. Kila zinapoongezeka 3, nishati ya sauti huwa maradufu, na muda salama hukatika nusu. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, desibeli 85 zinavumilika saa 8. Desibeli 100, dakika 15 tu. Hedifoni zinaweza kufika huko bila jirani kusikia chochote. Pete Townshend wa bendi ya The Who, iliyosifika kwa kelele za jukwaani, amesema kwamba usikivu wake uliharibiwa hasa na hedifoni za studio.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, wahudhuriaji wapewe vizibo vya masikio, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Ni mwongozo mzuri kwa anayekuja kucheza usiku mmoja. Makanga hayuko kwenye starehe, yuko kazini kutwa, na kanuni za Kenya za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi akae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kanuni hiyo imfuate hadi mlangoni mwa matatu: spika zipimwe, apewe vizibo, na masikio yake yapimwe kila mwaka kwa gharama ya mwenye gari.