Je, Wajua? Tarehe iliyomgeuza mwenyeji kuwa mgeni

Mwaka 1972 sheria ya Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi (leo Rwanda na Burundi) waliohamia Kivu, mashariki mwa nchi, kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaifuta ile ya awali, ikidai ukoo uliokuwa nchini tangu 1 Agosti 1885. Nani huko Rutshuru, Kivu, angeonyesha hati ya mwaka huo? Na huko Bwisha, eneo la Rutshuru, Kinyarwanda kilisemwa hata kabla ya mpaka na Rwanda kuchorwa mwaka 1910! Lakini kwa mwanasiasa anayejiita sauti ya wananchi, kuamua nani ni mwananchi halisi ni mtaji mkubwa. Sheria ya 2004 iliweka kigezo kingine: uraia kwa watu wa makabila yaliyokuwapo nchini wakati wa uhuru. Hata hivyo, mwaka 2021 mwanasiasa Noël Tshiani alidai urais uwe wa wenye baba na mama Wakongomani pekee.