Mionzi inayotumwa ndani ya damu

Mara nyingi tunaitwa kwa mgonjwa aliyeishiwa damu, mwenye homa isiyokwisha, anayetoka damu puani na katika ufizi. Majirani wanasema: «Amelogwa.» Kumbe pengine ni leusemia, ndiyo kansere ya damu. Inafaa padri na katekista waelewe ugonjwa huu, hata kama dawa tutakayoieleza iko mbali na Kindu. Kwa maana asiyejua ugonjwa hutafuta mwenye kosa kati ya jamaa.

I. Leusemia ni nini?

Damu inatengenezwa katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Humo zinazaliwa seli nyekundu, seli nyeupe zinazopigana na magonjwa, na vipande vidogo vinavyozuia damu kumwagika. Katika leusemia, seli nyeupe zisizokomaa zinaongezeka bila kipimo na kujaza nafasi yote. Malaria nayo huleta homa na upungufu wa damu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima damu hopitalini.

II. Kufyeka na kupanda

Mlimaji wa Maniema hapandi mpunga katika pori, kwanza anafyeka. Waganga wanafanya vivyo hivyo: wanaua uboho mbaya, halafu wanampa mgonjwa seli-mama za damu za mtu mwingine, kwa njia ya mshipa. Seli hizo zinatafuta mifupa zenyewe na kuanza kuzaa damu mpya. Munganga E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kazi hii katika miaka ya 1950, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mtoaji bora ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Hata hivyo kila ndugu ana bahati moja tu kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Mwili wa mtoaji unarudisha alichotoa.

Shida iko katika kufyeka. Dawa kali na mionzi ya mwili mzima vinaunguza hata matumbo, mapafu na ini. Wazee wengi hawawezi kustahimili.

III. Mjumbe na mzigo wake

Basi wataalamu walitafuta mjumbe. Mwili una vitu viitwavyo kingamwili: kila kimoja kinashika alama moja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Walitengeneza kingamwili kinachoshika alama CD45, iliyo juu ya seli za damu, si juu ya seli za viungo vingine. Wakakitwika iodi 131, yenye mionzi. Mionzi yake inayoua haifiki mbali, milimita moja au mbili tu. Na kila siku nane nguvu yake inapungua nusu. Kwanza wanatia kipimo kidogo ili waone kinakwenda wapi, kiisha kipimo kikubwa. Ini nalo linapata sehemu.

IV. Imefaa?

Dawa hii ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 153 wenye miaka 55 na zaidi, ambao leusemia yao ilikuwa imeshinda dawa nyingine. Habari zake zilitolewa mwaka 2024. Kati ya waliopangiwa mionzi hiyo, 17 kwa mia walikaa miezi sita bila ugonjwa kuonekana. Katika kundi lingine, hakuna hata mmoja. Lakini haikuhakikishwa kwamba kwa jumla waliishi zaidi, na serikali ya Marekani ilidai jaribio jingine. Tusiseme, basi, kwamba leusemia imeshindwa.

V. Je, ni habari ya wageni tu?

Hapana. Tangu miaka ya 1920 radyumu ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilitumiwa Ulaya kutibu kansere. Na uranyumu ya shimo lile lile iliingia katika bomu la mwaka 1945. Mwaka 1959 Mgr Luc Gillon, padri na mtaalamu wa fizika, rektori wa Lovanium, alisimamisha Kinshasa mtambo wa kwanza wa atomu katika Afrika. Katika Tanzania, hopitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu.

VI. Kazi yetu

Kwanza, tuzuie mashtaka ya uchawi, tuhimize kipimo cha damu.

Pili, tusimlazimishe ndugu kutoa uboho. Yohane Paulo II, katika Evangelium Vitae (1995), alisifu kutoa viungo kwa namna inayopatana na maadili. Na zawadi iliyonyang'anywa si zawadi tena.

Tatu, mgonjwa aliyetiwa iodi hiyo anakaa peke yake siku kadhaa, kwa kuwa mionzi mingine inatoka mwilini mwake. Padri ampe Upako na Komunyo kabla mlango haujafungwa.

Nne, wengi wa wagonjwa wetu hawatapata dawa hiyo. Tusiwadanganye, wala tusiwaache. Kuwatembelea hakuhitaji mtambo wowote.