Tundu Moja Ukutani

Chumba cha juu anacholala mama yangu kina urefu wa mita sita, lakini upana haufiki hata mita tatu. Mjenzi wa kale hakuwa bahili. Boriti ya mkoko ndiyo isiyovuka mbali zaidi ya hapo. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, zilipimwa hivyo. Juu ya boriti yamepangwa mawe, juu ya mawe chokaa, kisha ndiyo sakafu ya ghorofa nyingine. Zile njia za mabati zinazosambaza ubaridi katika mahoteli makubwa zingepita wapi?

Kaskazi iliyopita mama alikosa usingizi wiki nzima. Tukanunua AC ya spliti, yenye kichwa cha ukutani ndani na sanduku nje.

Wengi hudhani AC hutengeneza baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Katika kile kichwa cha ukutani kuna kiowevu kinachochemka hata penye baridi, na kikichemka hunyonya joto la chumba na kuwa gesi. Kompresa iliyo nje huigandamiza gesi ile mpaka iwe ya moto, feni ikaupeperusha ule moto, nayo gesi ikarudi kuwa kiowevu na kuanza safari upya. Kinachounganisha ndani na nje ni mabomba mawili ya shaba, nyaya na mpira wa maji. Tundu moja la kama upana wa ngumi linatosha. Yetu, ya BTU 12,000, huhamisha joto la kilowati tatu na nusu hivi kwa umeme wa takriban kilowati moja. Tulichukua ya inveta, ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzimika na kuwaka kila mara.

Balaa lilikuwa tundu lenyewe. Fundi wa kwanza alilitoboa likainamia ndani, kisha akaliziba kwa saruji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Unyevu huo ukigusa koili ya baridi ndani ya kile kichwa hugeuka maji, kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho, na kwa usiku mmoja hujaa ndoo ndogo. Maji yakaingia ukutani. Saruji haipumui kama chokaa, basi yakakaa humo humo. Haikupita miezi miwili, lipu ikaanza kudondoka vipande vipande, na boriti iliyo karibu ikanuka uvundo.

Wa pili, kijana wa Ng'ambo, aliikwangua saruji yote. "Bi mkubwa, ukuta huu wa chokaa, nao uzibwe kwa chokaa." Akaliinamisha tundu kwa nje, mpira wa maji akauteremsha hadi uani. Mabomba aliyanyonya hewa kwa pampu kabla ya kufungulia gesi, jambo ambalo mwenzake hakuligusa. Sanduku la nje nilitaka likae upande wa mtaani, akakataa: mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000, uso wa nyumba haupachikwi kitu bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Likawekwa uani, kivulini. Mimi mwenyewe hulimwagia maji baridi kila mwezi kutoa chumvi ya bahari, na filta naziosha kila wiki mbili.

Mama huiweka 26, akajifunika shuka.

Nawe ukimwita fundi, kabla hamjapatana bei muulize maji yatatokea wapi.